Kusomea ubingwa wa maumivu ya uso na taya: jibu kwa daktari wa meno wa Mwanza

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni daktari wa meno hapa Mwanza, nilimaliza Muhimbili na nina miaka sita kazini. Juzi nimempokea mama wa miaka 58 aliyekwisha kung'olewa magego matatu upande wa kulia chini, kila mara kwa daktari tofauti, na maumivu bado yako pale pale. Anasema yanampiga kama shoti ya umeme akinawa uso au akipiga mswaki, kisha yanaachia. Nimesikia Marekani kuna mafunzo ya miaka miwili kwa madaktari wa meno, ya maumivu ya uso na taya tu. Wanafundisha nini miaka yote hiyo? Mtu mwenye shahada ya kwetu anapokelewa? Na nikirudi nitafanya kazi gani, maana sijawahi kuona mlango wa kliniki ulioandikwa hivyo hapa kwetu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na huyo mama, shule itasubiri.

Usimng'oe jino la nne, hata akikuomba. Na atakuomba. Maumivu ya sekunde chache, makali, ya upande mmoja, yanayoamshwa na vitu visivyouma kama maji, mswaki, upepo au kuongea, halafu kati ya pigo na pigo mtu yuko sawa kabisa: hiyo ni neuralgia ya trijemino, yaani maumivu ya neva kuu ya hisia za uso, mpaka ithibitike vinginevyo. Ni ugonjwa wa nadra, makadirio yanayotajwa zaidi ni wagonjwa wapya 4 hadi 13 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao wamevuka miaka 50, wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini kwa kuwa hushuka zaidi kwenye matawi yanayohudumia taya ya juu na ya chini, wengi huanzia kwa daktari wa meno, na wengi hupoteza meno mazima kabla mtu hajashtuka.

Wenzako watatu waliotangulia hawakuwa wazembe. Kuna mtego ambao hauelezwi vya kutosha chuoni. Tumefundishwa kwamba ukipiga ganzi jino na maumivu yakakata, basi chanzo ni jino hilo. Kwa mgonjwa wa neuralgia, ukiiganzisha sehemu inayoamsha pigo, pigo halitoki. Daktari anaona ganzi imethibitisha, mgonjwa anaona nafuu, wote wawili wanakubaliana, jino linatoka. Wiki mbili baadaye anarudi.

Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa neva pale Bugando, na umwandikie barua inayoeleza sifa za maumivu, usiandike "maumivu ya jino" tu. Dawa ya kwanza ni karbamazepini, ileile wanayopewa wagonjwa wa kifafa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo si ya kutafuta ng'ambo. Kwa kawaida huanza na miligramu 100 mara mbili kwa siku na kupandishwa polepole, huku damu, ini na kiwango cha sodiamu vikipimwa, maana kwa watu wa umri wake sodiamu huweza kushuka bila kelele, na kizunguzungu humwangusha mtu bafuni. Akipata upele wowote, dawa isimame siku hiyo hiyo na aonwe. Picha ya MRI ya ubongo ifanyike itakapowezekana, kutafuta mshipa wa damu unaoigandamiza neva kwenye shina lake, uvimbe, au ugonjwa unaoharibu utando wa neva (multiple sclerosis). Kama mshipa ndio mkosaji na dawa zimeshindwa, kuna upasuaji wa kuutenganisha na neva.

Sasa shule.

Fani yenyewe si ngeni kama jina lake linavyosikika. Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington, kilifungua kituo chake cha maumivu ya uso mwaka 1977 chini ya Jeffrey Okeson. Chama cha Marekani cha fani hii kilianzishwa mwaka 1975, na bodi ya kutahini mabingwa wake mwaka 1994. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni kutambuliwa. Wenyewe wameomba, wamekataliwa, wameomba tena, mpaka Machi 2020 ndipo tume inayotambua ubingwa wa meno Marekani ilipoyakubali maumivu ya uso kuwa ubingwa wa 12, mwezi uleule na tiba ya magonjwa ya kinywa. Nakueleza hili kwa sababu utakutana na watu, hata maprofesa, watakaokuambia hakuna kitu kama hicho. Hadi juzijuzi walikuwa sahihi, kwa makaratasi.

Mafunzo yenye ithibati ya CODA, tume inayosimamia elimu ya meno kule, ni ya miaka miwili ya muda wote. Vyuo vingine huongeza mwaka wa tatu kwa anayetaka shahada ya uzamili na utafiti. Nchi nzima programu ni kumi na kitu tu: Kentucky, Tufts na Massachusetts General kule Boston, Rutgers kule Newark, Minnesota, North Carolina, Michigan, Buffalo, Rochester, UCLA na USC kule Los Angeles, na nyingine chache. Ipo hata ya jeshi la majini, ila hiyo ni ya waliovaa sare. Kila moja huchukua watu wachache kwa mwaka, mara nyingi wawili au watatu.

Wanafundisha nini? Jibu fupi ni kwamba wanakunyang'anya mashine ya kuchimba na kukukalisha kwenye kiti. Mgonjwa mpya anachukua saa nzima, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni maswali. Yalianza lini, ukifanya nini? Yanakaa sekunde, saa au siku nzima? Ukilala yanakuamsha? Kuna siku hayapo kabisa? Jicho linatoa machozi upande huo? Nani alikuwa wa kwanza kukutibu, alifanya nini, na baada ya hapo yakabadilikaje? Mwenzangu mmoja aliyezoea kliniki ya wagonjwa arobaini kwa siku alikuwa anachungulia saa kila dakika tano wiki zake za mwanzo. Ilimchukua muda kukubali kwamba utambuzi mwingi unatoka kwenye maswali, na kwamba mikono huja baadaye kuthibitisha.

Na mikono nayo inafundishwa upya. Chukua uchunguzi wa misuli ya kutafuna. Wewe na mimi tulifundishwa kubonyeza shavu na kuandika "inauma" au "haiumi". Kule unatumia vigezo vya kimataifa vya kutambua matatizo ya kiungo na misuli ya taya, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinavyojulikana kwa kifupi DC/TMD, ambavyo chimbuko lake ni vigezo vya utafiti vya mwaka 1992 kutoka Seattle. Unabonyeza msuli kwa uzito wa kilo moja, sekunde mbili kila nukta. Kilo moja hiyo si ya kukisia: unakaa na mizani ndogo ya jikoni, unaikandamiza kwa ncha ya kidole mpaka mshale ufike, unarudia mpaka kidole chenyewe kizoee. Kisha unamuuliza mgonjwa maswali mawili. La kwanza, je, inauma? La pili, ambalo ndilo lenye uzito, je, maumivu haya ndiyo yaleyale yaliyokuleta? Maana msuli wa mtu yeyote ukibonywa vya kutosha utauma. Bila "ndiyo" ya pili huna utambuzi, una mtu uliyemuumiza tu.

Halafu unashikilia sekunde tano badala ya mbili. Hapo mambo hubadilika. Mgonjwa aliyekuja na gego la chini linalouma, eksirei safi, baridi haliumi, kugonga haliumi, ghafla anasema: "Hapo, Daktari, sasa hivi jino linauma." Kidole chako kiko kwenye shavu, hujaligusa jino. Ukiona jambo hilo kwa macho yako mara mbili tatu, namna unavyoshika koleo haitabaki ileile.

Sababu yake utaisoma mpaka uiote. Neva za meno, misuli, kiungo cha taya, sinasi, utando wa ubongo, na hata neva tatu za juu za shingo, zote huishia kwenye kiini kimoja cha trijemino ndani ya shina la ubongo, na nyingi hushirikiana seli zilezile. Ubongo unapokea taarifa bila kujua kwa hakika imetoka tawi gani, basi unaitupia sehemu unayoijua zaidi, na meno yanajulikana sana. Ndiyo maana misuli ya shingo huuma kichwani, moyo unaokosa damu huuma kwenye taya, na kipandauso cha mtu mmoja mmoja hukaa kwenye taya la juu na kumpeleka kwa daktari wa meno.

Kwa hiyo utajifunza maumivu ya kichwa kuliko ulivyowahi kufikiria. Utajua kutofautisha kipandauso na maumivu ya vishada, yale yanayompiga mtu jichoni usiku saa ileile akawa anazunguka chumbani hawezi kulala chini. Utajua kuna maumivu ya nusu kichwa yanayokatwa kabisa na indomethasini na si dawa nyingine. Utazungushwa kwa madaktari wa neva, wa usingizi, wa viungo vya mwili, wa masikio na pua, na kwa wanasaikolojia. Utajifunza kuandika dawa ambazo daktari wa meno wa kawaida huziogopa: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, gabapentini, klonazepamu ya kufyonza mdomoni kwa ulimi unaowaka moto, na zaidi ya kuziandika, kuzisimamisha. Utajifunza pia kutengeneza vifaa vya kuvaa usiku kwa wanaosaga meno na kwa wanaokatika pumzi usingizini.

Hapo kwenye vifaa nisimame kidogo, kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu mafunzo haya wanadhani ndiyo kiini chake. Siyo. Kifaa cha kuvaa usiku kina nafasi yake, lakini ni msaidizi. Fani hii ina historia ya aibu upande huo. Kwa miongo kadhaa watu walisagwa meno "kusawazisha mng'ato", wakavalishwa mataji mdomo mzima, wakapasuliwa viungo vya taya. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa, wengi wao wanawake, waliwekewa kwenye kiungo cha taya vipandikizi vya Proplast-Teflon. Vikavunjikavunjika ndani, mwili ukapigana na vipande, mifupa ikalika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ikaviondoa. Baadhi ya wagonjwa hao walipasuliwa tena na tena baada ya hapo. Kuanzia pale fani iligeuka, na leo utafundishwa kuanza na mambo yanayoweza kurudishwa nyuma: maelezo, mazoezi ya taya, joto, dawa, usingizi, kupunguza mzigo wa misuli.

Utafiti mkubwa uitwao OPPERA, ulioongozwa kutoka North Carolina na kufanyika pia Buffalo, Maryland na Florida, uliwafuatilia watu wazima wasio na tatizo la taya ili kuona nani atalipata. Hawakutambulika kwa meno yaliyopandana vibaya. Waliopata, mara nyingi, walikuwa na dalili nyingine mwilini tangu kabla: kichwa, mgongo, tumbo, na usingizi wao ulikuwa umeanza kuharibika. Ndiyo maana mwanasaikolojia anakaa kwenye kliniki ile kama mtu wa nyumbani, na hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba maumivu yako ni ya kichwani mwako tu.

Kuna mambo hawatakufundisha, na usiwalaumu, kwa sababu hawayaoni. Fomu zao za historia hazina sehemu ya miraa. Wewe utaiongeza mwenyewe, maana mtu anayetafuna tangu adhuhuri mpaka usiku upande mmoja wa mdomo, kisha akaja na taya lililokaza, hahitaji MRI kwanza. Mkanda wa jeshi usoni utauona hapa kuliko kule, hasa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na unaweza kuanza kwa jino kuuma siku kadhaa kabla upele haujatoka. Halafu kuna kidevu kufa ganzi. Kijana mwenye selimundu akija na maumivu ya taya la chini na mdomo wa chini hausikii, fikiria mfupa ulionyimwa damu kabla ya jino. Mtoto mwenye meno yanayolegea bila sababu na kidevu kilichokufa ganzi, fikiria limfoma ya Burkitt, ugonjwa ulioelezwa Uganda mwaka 1958 na daktari aliyeupa jina lake, na usisubiri miadi ya wiki ijayo. Ukienda na mambo haya kichwani utawafundisha na wao pia. Nimeona wakufunzi wakiweka kalamu chini kusikiliza.

La mwisho kwenye upande huu, na hili ni la kwao na letu: mtu aliyevuka miaka 50, taya linalochoka na kuuma akitafuna na kupona akipumzika, maumivu mapya ya kichwa upande wa panja, macho yana ukungu. Hiyo inaweza kuwa ni mishipa ya damu ya kichwa iliyovimba, na jicho linaweza kupofuka kwa siku moja. Anapelekwa leo, anaanzishiwa steroidi kabla hata ya majibu ya kipimo cha nyama.

Kuhusu kupokelewa: ndiyo, shahada ya Muhimbili inaweza kukufikisha. Programu kadhaa huchukua madaktari wa meno waliosoma nje, na kila darasa utakuta mtu wa India, wa Saudia, wa Korea, wa Brazil. Utatakiwa kutuma matokeo ya chuo yakiwa yamekaguliwa na taasisi ya kulinganisha vyeti kama ECE, mtihani wa Kiingereza, barua za mapendekezo, na barua yako ya nia. Baadhi hutaka uwe umefaulu INBDE, mtihani wa taifa wa meno uliochukua nafasi ya ule wa zamani wenye sehemu mbili, nyingine hawauulizi. Baadhi hupokea maombi kwa mfumo wa pamoja uitwao PASS, nyingine moja kwa moja. Soma ukurasa wa kila chuo, usimwamini mtu wa WhatsApp. Omba matokeo yako chuoni mapema, maana unajua yanavyokaa.

Fedha ndipo wengi hukwama. Baadhi ya programu hulipa posho kama hospitali inavyolipa madaktari wake wanafunzi. Nyingine hutoza ada kama shule yoyote, na ada za vyuo vya meno Marekani si za kuchangiwa na ukoo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya jina la chuo, kwa hiyo iwe swali lako la kwanza. La pili liwe viza, ya mwanafunzi (F-1) au ya mabadilishano (J-1), na masharti yake ya kurudi nyumbani.

Na ujue hili kabla ya kufunga sanduku: kumaliza ubingwa hakukupi leseni ya kutibu Marekani. Leseni hutolewa na kila jimbo, na majimbo mengi hudai shahada ya msingi ya meno kutoka chuo chenye ithibati ya kule, yaani urudie miaka miwili au mitatu ya shahada ya kwanza. Yapo majimbo yenye njia nyingine, lakini usijenge maisha juu yake. Anayekwenda kwa nia ya kubaki, mafunzo haya ni njia ndefu na ya gharama. Anayekwenda kwa nia ya kurudi ndiye yanayemfaa, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu hivi.

Njia nyingine zipo. USC wana shahada ya uzamili ya maumivu ya uso na tiba ya kinywa inayofundishwa kwa sehemu kubwa mtandaoni. Ni nzuri kwa kichwa, ila kidole chako hakitajua kilo moja kwa kutazama skrini. Sweden wana ubingwa huu miaka mingi na ni wakali wa utafiti. Brazil waliutambua mwaka 2002, miaka 18 kabla ya Wamarekani, ila ujifunze Kireno.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuwa la kwanza. Utafanya kazi gani?

Nisikufiche, kliniki ya maumivu haina bei. Mgonjwa wetu amezoea kulipia kitu alichofanyiwa: jino limetoka, limezibwa, limesafishwa. Umkalishe saa nzima, umuulize maswali, umbonyeze shavu, kisha umwambie jino lake zima na dawa yake inauzwa shilingi chache famasia, halafu umpe risiti. Wengine wataondoka wakinung'unika, na mwenye hospitali atakuuliza mbona kiti chako kimekaa bure. Usidhani Wamarekani wamelitatua. Kule bima ya matibabu husema taya ni la meno, bima ya meno husema taya ni la matibabu, na mgonjwa anabaki katikati na bili mkononi. Ripoti kubwa ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya mwaka 2020 kuhusu matatizo ya taya ililia sana na huo mgawanyiko.

Kwa hiyo nakushauri usirudi na wazo la kliniki ya maumivu tupu. Endelea na meno ya kawaida siku nyingi za wiki, yakulipe kodi, na utenge nusu siku moja au mbili kwa maumivu. Kabla hujaondoka, nenda ukaongee na daktari wa neva, wa masikio na pua, mtaalamu wa viungo na wa afya ya akili. Waulize ni wagonjwa gani wa uso wanaowasumbua. Daktari wa neva atakuwa na orodha ya watu ambao hajui awapeleke wapi, nao ndio watakuwa wagonjwa wako wa mwanzo. Kwa wanaohitaji upasuaji wa neva, jenga urafiki na watu wa MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa neva pale Muhimbili. Na uliandikie Baraza la Madaktari la Tanganyika mapema, kwa karatasi, uulize ubingwa huu utaandikishwa chini ya jina gani. Uwe na jibu lao mkononi kabla ya kukata tiketi.

Lakini mahali ambapo mtu mmoja mwenye ujuzi huu angeleta tofauti kubwa zaidi si kliniki, ni darasani. Wanafunzi wa meno wakitoka chuoni wanajua kwamba kabla ya kung'oa jino lisilo na shimo, lisilo na eksirei mbaya na lisiloitikia baridi kwa namna ya ajabu, wanatakiwa kusimama, basi meno mengi yatabaki midomoni. Hata matibabu ya mzizi yaliyofanywa vizuri huacha maumivu kwa watu wachache: muhtasari wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta takriban 5 kati ya 100 wana maumivu miezi sita baadaye au zaidi, na kwa sehemu kubwa chanzo hakikuwa jino. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atarudia mzizi, kisha atakata ncha yake, kisha atang'oa, na kila hatua inaweza kuijeruhi neva zaidi. Kwa hiyo kama kuna nafasi ya ukufunzi unayoweza kuinyatia, inyatie sasa, ili chuo kikutume kuliko wewe kujituma.

Wakati unajipanga, anza. Fomu za DC/TMD zinapatikana bure mtandaoni pamoja na maelekezo ya uchunguzi. Pima ufunguzi wa mdomo wa kila mgonjwa kwa rula, kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini. Mtu mzima kwa kawaida hufika milimita 40 au kuvuka. Nunua mizani ya jikoni. Mgonjwa yeyote ambaye jino halijielezi, mpe daftari aandike kwa wiki mbili saa ya maumivu, muda wake, alichokuwa anafanya. Kisa cha mama uliyenieleza, ukikiandika vizuri bila jina lake na kwa ridhaa yake, pamoja na majibu ya dawa, kitakuwa barua ya nia bora kuliko kurasa tatu za jinsi ulivyopenda meno tangu utotoni. Wanaosoma maombi wamechoka na hizo.

Ukipata usaili, nao watakuuliza kama una maswali. Usiulize kuhusu hali ya hewa. Omba kuongea na waliomo mwaka wa pili, bila mkufunzi kuwepo, na uwaulize wanaona wagonjwa wapya wangapi kwa wiki, nani anakaa nao kusoma kisa baada ya mgonjwa kuondoka, na wanaenda kwa daktari wa neva siku ngapi. Programu ambayo wanafunzi wake wanajibu maswali hayo bila kutazamana, hiyo ndiyo ya kuiomba, hata kama jina lake halijulikani Mwanza.